Mtu Aliyeinuliwa Kutoka Ardhini

Katika hospitali ya kijeshi ya Craiglockhart, pembezoni mwa jiji la Edinburgh huko Scotland, mwaka 1917 palikuwa na daktari ambaye wagonjwa wake wengi hawakufurahi kumwona asubuhi. Aliitwa Arthur John Brock. Alitaka waamke mapema, waoge maji baridi, kisha watoke nje wakatembee kabla ya kutia chochote kinywani. Wagonjwa wenyewe hawakuwa na mfupa uliovunjika wala kidonda cha kufungwa bendeji. Walikuwa maofisa wa jeshi la Uingereza, wengi wao vijana wa miaka ishirini na kitu, waliorudishwa kutoka mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji kwa sababu mikono ilikuwa haitulii, au ulimi umeshikwa na kigugumizi, au miguu mizima imekataa kuubeba mwili. Mchana walicheza gofu na kusoma magazeti. Usiku walipiga mayowe. Mshairi Siegfried Sassoon, aliyepelekwa hapo mwaka huohuo, alieleza baadaye jinsi jengo lile lilivyogeuka giza lilipoingia: mtu aliyekuwa akicheka mezani jioni alirudi vitani mara tu alipofumba macho.

Brock alilishika jambo ambalo madaktari wengi wa zama zake hawakulishika. Mtu aliyevunjwa na hofu amenyang'anywa amri juu ya mwili wake, na hawezi kurudishiwa amri hiyo akiwa amelala kitandani. Atairudisha mwenyewe, kwa mikono na miguu yake, akifanya kazi yenye maana mahali penye watu. Leo maneno hayo hayamshangazi mtu. Wakati ule yalikwenda kinyume na karibu kila kilichofundishwa.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa na jina jipya. Februari 1915 daktari na mwanasaikolojia Charles Myers aliandika katika jarida la tiba la The Lancet habari za askari watatu ambao makombora yalilipuka karibu nao, wakapungukiwa na uwezo wa kuona, kunusa, kuonja na kukumbuka. Aliyaita hayo mshtuko wa kombora. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba mlipuko wenyewe ndio unaotikisa ubongo na kuuharibu kwa ndani. Lakini wakaanza kuonekana askari wenye dalili zilezile ambao kombora halikuwahi kuwakaribia. Basi ikabidi kukubali kwamba kilichovunjika hakikuwa ubongo kama nyama, na hapo ndipo jeshi lilipopata wasiwasi, maana jeraha lisiloonekana halina namna ya kutofautishwa na woga.

Tofauti hiyo ilikuwa na bei ya uhai. Askari 306 wa Uingereza na himaya yake walipigwa risasi na jeshi lao wenyewe katika Vita vya Kwanza vya Dunia kwa makosa kama kutoroka na kuogopa adui, na wakasamehewa mwaka 2006, miaka mingi mno baada ya mama zao kufa na aibu hiyo. Baadhi yao, kwa kadiri ya kumbukumbu za mahakama zilizobaki, walikuwa wameshaonyesha kila dalili ambayo kwa ofisa ingempatia kitanda cha hospitali. Hili halipaswi kusahaulika tunapoisoma habari ya Craiglockhart: ilikuwa hospitali ya maofisa tu.

Tarehe 1 Julai 1916 Waingereza walianza mapigano ya mto Somme. Siku hiyo moja walipoteza watu zaidi ya 57,000, waliokufa kati yao wakiwa zaidi ya 19,000. Miezi iliyofuata wagonjwa wa mshtuko walijaa kuliko nafasi zilizokuwepo. Oktoba 1916 serikali ikachukua hoteli ya Craiglockhart, jengo kubwa la mawe lililojengwa mwaka 1880 kwa ajili ya matajiri waliokwenda kujitibu kwa maji, ikaifanya hospitali. Ilikuwa na mabwawa ya kuogelea, viwanja vya tenisi, bustani, na vilima vya Pentland upande wa kusini. Kwa Brock, mazingira hayo yalikuwa dawa tayari, yakingoja mtu wa kuyatumia.

Mahali pengine tiba zilikuwa za namna nyingine. Ya kwanza ilikuwa mapumziko. Daktari Silas Weir Mitchell wa Philadelphia, Marekani, aliyewatibu majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi yake, alikuwa ameeneza mtindo wa kumlaza mgonjwa wa neva kitandani kwa wiki kadhaa, ametengwa na jamaa zake, akinyweshwa maziwa kwa wingi na kukandwa mwili na mtu mwingine. Mgonjwa hakutakiwa kufanya lolote. Ya pili ilikuwa ya mabavu. Katika hospitali ya Queen Square, London, daktari Lewis Yealland aliwatia umeme kooni askari wa kawaida waliokuwa hawasemi, akifunga mlango na kuwaambia hawatatoka mpaka waseme. Wengine walisema. Aliyaandika mwenyewe katika kitabu cha mwaka 1918, bila kuona haya.

Tiba hizo mbili zinaonekana kama mbingu na ardhi, lakini naziona ni ndugu. Katika zote mbili mgonjwa anatendewa. Mmoja amelazwa, mwingine amefungwa, na hakuna kati yao anayeamua mguu wake uende wapi. Ndilo jambo lilelile lililokuwa limewaangusha vitani. Askari wa handaki hakuwa na pa kukimbilia wala wa kupigana naye kwa mikono. Alikaa kwenye tope, akisubiri kombora lililofyatuliwa na mtu asiyemwona kilomita kadhaa mbele, na mwili wote uliokuwa ukipiga kelele utoke pale uliamriwa ukae.

Huko Craiglockhart palikuwa pia na njia ya tatu, ile ya W. H. R. Rivers, ambaye jina lake ndilo lililopata sifa kubwa. Rivers alikuwa daktari na mtafiti wa jamii za watu, aliyewahi kusafiri mwaka 1898 mpaka visiwa vya mlango-bahari wa Torres. Yeye aliketi na wagonjwa akawaacha wazungumze, akawasihi wasiyafukie yaliyowapata. Ilikuwa tiba ya upole na ya akili, na waliopita mikononi mwake walimpenda kama baba. Riwaya zimeandikwa juu yake. Brock, ambaye chumba chake kilikuwa jengo hilohilo, amebaki kivulini. Naamini tumemnyima haki, na sababu moja ni kwamba mazungumzo huacha hadithi nzuri ya kusimulia, lakini matembezi ya asubuhi hayaachi kitu.

Brock hakuwa mwalimu wa michezo aliyepewa koti la daktari. Alikuwa msomi wa Kigiriki. Mwaka 1916, vita vikiwa vimepamba moto, ilichapishwa tafsiri yake ya kitabu cha Galen, tabibu wa kale, juu ya nguvu za asili za mwili. Kutoka kwa Wagiriki alichukua wazo kwamba kiumbe hai hakitenganishwi na mazingira yake, na kwamba afya ni namna kiumbe hicho kinavyoshughulika nayo. Kutoka kwa Patrick Geddes alichukua zaidi. Geddes alikuwa mwanabiolojia aliyegeuka mpangaji wa miji, na tangu miaka ya 1890 alikuwa na mnara mmoja karibu na ngome ya Edinburgh, uitwao Outlook Tower, ambamo mgeni alipanda hadi juu akautazama mji mzima na viunga vyake, kisha akashuka ghorofa kwa ghorofa akijifunza jinsi mji huo unavyohusiana na nchi, na nchi na dunia. Geddes alifundisha kwamba maisha ya binadamu yana nguzo tatu: mahali, kazi, na watu. Ukimkata mtu na mojawapo, anaugua.

Brock alipowatazama maofisa wale aliona watu waliokatwa na zote tatu. Hawakujua wako wapi, kwa maana nusu ya nafsi zao ilikuwa bado Ufaransa. Hawakuwa na kazi. Na ingawa walilala chumba kimoja, wawili wawili au zaidi, kila mmoja alikuwa peke yake na mazimwi yake. Hata wakati ulikuwa umekatika vipande kwao: jana haikuungana na leo, na kesho haikuwepo. Aliiita tiba yake kwa neno la Kigiriki lenye maana ya kuponya kwa kazi, na akasisitiza kwamba kazi hiyo aifanye mgonjwa mwenyewe. Daktari ni wa kumwondolea vizuizi na kumsukuma, basi.

Alikuwa na kisa alichopenda kukitumia, na mwanzoni mwa 1918 alikiandikia makala katika gazeti la hospitali. Ni kisa cha Antaeus, jitu la Libya katika ngano za Wagiriki, mwana wa Ardhi. Kila mgeni aliyepita nchini mwake alishindana naye mieleka na akauawa, kwa sababu kila Antaeus alipoangushwa chini, mama yake alimtia nguvu mpya. Hercules alipogundua siri hiyo alimwinua juu, miguu ikining'inia, akambana kifuani hadi nguvu zikamwisha. Brock aliona kwamba ndivyo vita vilivyowafanya vijana hawa. Hawakuangushwa, waliinuliwa. Vita vya mitambo vimewang'oa kutoka ardhini kwao, na kuwabembeleza huko juu hewani hakutawafaa kitu. Warudishwe chini, nyayo ziguse udongo.

Basi akawarudisha. Kila mgonjwa alipangiwa shughuli kufuatana na alivyokuwa kabla ya vita na anavyoweza sasa. Wengine walilima bustani na kufuga kuku. Wengine walikwenda kusaidia kwenye mashamba ya jirani. Walitengeneza mashua ndogo, walipiga picha, walicheza kriketi na tenisi, waliogelea, walipanda vilima vya Pentland na kurudi na majani na mawe ya kuyachunguza. Palikuwa na chama cha wapenda viumbe na mimea, ambacho Brock alikuwa miongoni mwa wasukumaji wake. Wengine walitumwa mjini kutembelea familia maskini au kufundisha shuleni. Brock hakuridhika na michezo peke yake. Aliogopa kwamba mchezo unaweza kuwa kileo kingine cha kujisahaulisha, na alitaka jasho la mgonjwa limfikishe kwa watu wengine, wanaomhitaji.

Walimchukia kidogo, na ni haki yao. Mtu ambaye hajalala usiku kucha kwa sababu ya ndoto haoni huruma katika kuamshwa akatembee kwenye upepo wa Scotland. Lakini si wote waliobaki na chuki hiyo.

Tarehe 26 Juni 1917 aliingia hapo luteni wa miaka 24 aliyeitwa Wilfred Owen, wa kikosi cha Manchester. Machi mwaka huo alikuwa ameanguka usiku ndani ya shimo la nyumba iliyobomolewa, akapigwa kichwa. Aprili, karibu na mji wa St Quentin, kombora lilitua karibu na kichwa chake akiwa amelala kwenye ukingo wa reli, likamrusha hewani. Akakaa siku kadhaa ndani ya shimo, amefunikwa na bati, na karibu naye yametapakaa mabaki ya ofisa mwenzake aliyekuwa anamfahamu. Alipotoka hapo alikuwa anatetemeka na kumbukumbu zake zimevurugika. Inaelekea mkuu wake alimshuku kwa woga, na tuhuma hiyo ilimchoma Owen kuliko kombora.

Alipangiwa Brock. Kama Brock angekuwa mtu wa mapumziko, nadhani tungempoteza Owen mshairi mapema, au tungempata mtu mwingine kabisa. Katika miezi minne na ushei Owen aliingia chama cha mimea na viumbe, na Julai akawahutubia wanachama wenzake juu ya swali la kama mimea hufikiri, akijiandaa kwa siku nyingi kama mtu aliye na mtihani. Akaigiza jukwaani. Akatembea mjini kote na kuandika insha juu ya mnara wa Geddes. Akafundisha fasihi shule ya Tynecastle, mtaa wa watu wa hali ya chini, mbele ya watoto ambao hawakujua wala kujali kwamba mwalimu wao ni mgonjwa. Akawa mhariri wa The Hydra, gazeti la hospitali, ambalo liliitwa hivyo kwa kucheza na jina la ile hoteli ya tiba ya maji na lile joka la ngano ambalo ukilikata kichwa kimoja huota vingine.

Brock akampa pia kazi ya kuandika shairi kuhusu Antaeus na Hercules. Owen alilianza Julai. Ni shairi la wastani, na wachambuzi hawalitaji sana. Lakini tazama kinachotokea: kijana ambaye wiki chache nyuma hakuweza kuutuliza mkono wake, anautumia mkono huohuo kueleza mwili wenye nguvu unaoshindana na mwingine, misuli kwa misuli, mguu ukitafuta ardhi. Nachukulia kwamba ilikuwa sehemu ya tiba sawa na kuogelea.

Agosti alijipa moyo akaenda kubisha chumbani kwa Sassoon, ambaye alimkuta anasafisha virungu vyake vya gofu. Sassoon hakuwa mgonjwa hasa; alikuwa ameandika tamko la hadharani kupinga kuendelea kwa vita, na wakubwa wakaona afadhali aitwe mgonjwa kuliko kumpeleka mahakamani. Urafiki wa watu hawa wawili umesimuliwa mara nyingi, na ni kweli kwamba Sassoon alimfundisha Owen kuitazama vita machoni katika mashairi. Lakini Owen aliyebisha mlango ule alikuwa ameshapikwa na Brock majuma kadhaa. Alikuwa anatembea, anafanya kazi, analala angalau saa chache. Kati ya Septemba na Oktoba aliandika mashairi ambayo leo husomwa na wanafunzi wengi wa Kiingereza duniani, na ndoto zake mbaya kabisa zimo humo, zimeshikwa na kuwekwa mahali pamoja. Brock alijua. Katika kitabu chake cha 1923 kuhusu afya na mwenendo alimkumbuka Owen kama mfano wa mtu aliyeyakabili mazimwi ya akili yake na kukaribia kuyalaza.

Kuna fundo gumu katika habari hii. Craiglockhart haikufunguliwa ili vijana wapone na kuishi. Ilifunguliwa ili wapone na kurudi vitani. Kila hatua ambayo Owen alipiga kwenye vilima vya Pentland, akijirudishia umiliki wa mwili wake, ilimsogeza karibu na siku ambayo jeshi lingeuchukua tena mwili huo. Rivers aliteseka kwa jambo hili na akaliandika. Sijaona dalili kwamba lilimtesa Brock vivyo hivyo, na kwa mtu niliyejaribu kumtendea haki hapa, hilo linanisumbua. Alimshusha Antaeus ardhini akamwacha Hercules palepale.

Mapema Novemba 1917 Owen aliruhusiwa kutoka. Alipewa kazi nyepesi Scarborough, kisha mazoezi Ripon, na mwisho wa Agosti 1918 akavuka kwenda Ufaransa. Kwa barua zake kwa mama yake, alikwenda kwa hiari ya moyo, akitaka awaongoze vijana wake kadiri ofisa awezavyo, na ayashuhudie mateso yao ili aweze kuyasema. Mwanzoni mwa Oktoba alipigana kwa namna iliyompatia nishani ya Military Cross, na ile tuhuma ya woga ikafutika. Tarehe 4 Novemba, kwenye mfereji unaounganisha mito Sambre na Oise, karibu na kijiji cha Ors, aliuawa kwa risasi akiwatia moyo askari wake waliokuwa wakijenga daraja la kuvukia. Vita viliisha siku saba baadaye. Simu ya maandishi ya msiba ilifika kwa wazazi wake Shrewsbury tarehe 11 Novemba, kengele za amani zikilia.

Wakati huo wazo la kutibu kwa kazi lilikuwa limefika hata kwa baadhi ya askari wa kawaida. Katika chuo cha kilimo cha Seale Hayne, Devon, daktari Arthur Hurst aliwapeleka mashambani mwaka 1918 watu waliokuwa wametembea kwa kujikokota na kutetemeka, akawafundisha upya kusimama na kutembea, na kuwapiga picha za sinema kabla na baada. Picha hizo bado zipo. Hurst alidai kwamba wengi walipona haraka ajabu, na wanahistoria wana shaka kwamba baadhi ya zile za "kabla" ziliigizwa. Hata hivyo ukitazama mtu aliyekuwa ameshindwa kusimama sasa amebeba jembe begani akienda shambani na wenzake, huwezi kusema hapakuwa na lolote. Craiglockhart ilifungwa 1919. Brock akaendelea na tiba yake katika kituo kidogo North Queensferry, ng'ambo ya ghuba ya Forth, mpaka alipozeeka, na akafariki 1947. Jengo la Craiglockhart sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Napier.

Vita hivyohivyo vilipiganwa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1914 viliwaka Tanga na Longido, na vikaendelea mpaka tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya amani ya Ulaya, jenerali wa Wajerumani Paul von Lettow-Vorbeck aliposalimu amri Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, Zambia. Waingereza peke yao walichukua wapagazi wa Kiafrika wanaokadiriwa kufikia milioni moja katika kampeni nzima. Kwa hesabu zao wenyewe takriban 95,000 walikufa, wengi kwa kuhara, malaria, njaa na mizigo. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina la jeshi hilo la wapagazi. Hawa hawakuwa na Craiglockhart. Hakuna aliyefungua jengo la mawe lenye bustani kwa ajili ya mtu wa Ugogo au Unyamwezi aliyerudi kijijini hasemi na mtu.

Walichokuwa nacho ni ngoma. Beni ilikuwa imezaliwa Lamu na Mombasa tangu miaka ya 1890, ikiiga bendi za matarumbeta za wamisheni na za majeshi, na haikuanzishwa kama tiba ya lolote. Ilikuwa mashindano ya mitaa, fahari na utani. Lakini vita viliisambaza. Terence Ranger, aliyeandika historia yake mwaka 1975, anaonyesha jinsi askari, wapagazi na mateka walivyoibeba kutoka pwani hadi bara, Tanganyika nzima, na kuvuka hadi Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini. Watu walijigawa katika Marini na Arinoti, kila upande ukiwa na mfalme wake, majenerali wake, maluteni wake, sare zake, na mfuko wa kusaidiana na kuzikana. Nayo yenyewe ilichezwa kwa mwendo wa gwaride: mstari, hatua za polepole zilizopimwa, fimbo begani mahali pa bunduki, mpaka usiku wa manane.

Mimi huona hapo kitu ambacho Brock angekitambua mara moja. Mwendo ule waliufundishwa kwa kiboko. Kushoto, kulia, simama, nyuma geuka: miguu yao ilikuwa ya Kaizari au ya Mfalme George, na iliwapeleka wengi kufa Mahiwa na kando ya Ruvuma. Sasa watu walewale, uwanjani kwao, mbele ya wake na watoto wao, wanautembea mwendo uleule kwa amri ya jenerali waliyemchagua wenyewe, na wanapochoka wanacheka na kukaa. Mahali ni pao, kazi ni yao, na watu ni wao. Serikali ya Kiingereza ilihisi kwamba kuna jambo, ingawa haikulielewa. Baada ya vita maofisa wake walichunguza beni wakitafuta njama za Waislamu, za Wajerumani, hata za Wabolsheviki wa Urusi. Hawakupata njama.

Beni ilizaa vizazi. Huko Ruvuma na kando ya Ziwa Nyasa ikawa mganda, ng'ambo ya ziwa ikawa malipenga, na kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini ikahusishwa na kalela. Mwaka 1951 mtafiti Clyde Mitchell aliitazama kalela ikichezwa na vijana wa kazi Luanshya, wakiwa wamevaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vinavyong'aa. Gwaride lenyewe lilikuwa limefifia, na wachezaji wengi walikuwa wadogo mno kuikumbuka vita ile. Lakini cheo kilibaki. Kundi lilikuwa na mfalme. Lilikuwa na daktari, aliyevaa kanzu nyeupe yenye msalaba mwekundu kifuani, na kazi yake ilikuwa kuwatia moyo wachezaji. Na lilikuwa na muuguzi, mwanamke pekee katika kundi, ambaye alipita kwa kila mchezaji na kioo na leso ili ajitazame, ajifute jasho, aendelee kucheza.